Eti akisikia njaa atakula! (Kisa cha Chausiku na makopo yake)

Najua nimepotea, na kuna mmoja wenu kaniandikia akiuliza kama nimedisko. Sijadisko, nipo, namshukuru Mungu. Ni tesiti, ni maandalio ya masomo, na juu ya yote hayo nilikuwa nalea paka.

Ndiyo, paka. Cheka kwanza umalize, halafu tuendelee.

Leo nina ugomvi. Juzi kantini nilikuwa nawaeleza washikaji jinsi ya kupasha moto chakula cha paka cha kopo, meza nzima ikaangua kicheko. Mmoja (anajijua) akasema: "Yaani wewe mtoto wa bumu, mwenyewe unakula kiporo cha baridi, halafu paka unampashia?" Mwingine akamalizia kwa ile kauli tuliyokulia nayo wote: "Huyo anaringa tu. Mwache, akisikia njaa atakula."

Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa na kipindi saa nane. Lakini hilo neno nimelala nalo siku tatu. Mwezi Februari nililisema mimi mwenyewe, nikalifanyia kazi, na nusura niue paka wa watu. Kwa hiyo wacha nijibu hapa ambapo hakuna wa kunikatiza.

Kuna Prof mmoja hapa chuoni, mama mtu mzima, nilishamsaidia kuingiza takwimu za utafiti wake. Akapata safari ya wiki 6 Ujerumani. Akaniita ofisini: "Mwanangu, utahamia kwangu, utamwagilia maua na utamlisha Chausiku. Umeme na intaneti vipo." Sawa Prof, hakuna shida kabisa! Nani anakataa nyumba yenye feni na friji mwezi wa Februari, Dar hii? Nikafunga geto langu Changanyikeni, nikaenda na begi moja na desa zangu.

Wakati wa kunikabidhi funguo akaongeza, kama mtu anayetaja kitu kidogo tu: "Chausiku ana maneno kidogo kwenye kula."

Maneno kidogo! Chausiku ni paka jike, mweusi tii, mnene, na hakuzaliwa kwa Prof. Alilelewa na wageni fulani tangu mtoto kwa chakula cha kopo, wao wakarudi kwao, Prof akamrithi akiwa ameshakuwa mtu mzima na tabia zake. Hajawahi kutoka nje ya nyumba. Dagaa hazijui, ugali haujui, kichwa cha perege ukimwekea anakiangalia kama nyie mnavyoliangalia swali la tesiti ambalo halikuwa kwenye desa. Prof alimwachia makopo 22 ya gramu 400. Hesabu ilikuwa nusu kopo kwa siku, siku 42, makopo 21, na moja la akiba. Hesabu safi kabisa.

Siku ya kwanza nikafungua kopo, nikamimina nusu kwenye kisosi, akala mpaka kisosi kikang'aa. Nikasema, mbona kazi rahisi hii. Nusu iliyobaki nikaisukumia kwenye friji vilevile ndani ya kopo, wazi, kijiko kimesimama humo humo, pembeni ya kitunguu nilichokikata nusu. Asubuhi nikaitoa, nikapakua, nikamwekea.

Akanusa. Akaniangalia. Kisha akaanza kukwangua sakafu kwa mguu wa mbele kuzunguka kisosi, kama anafukia kitu. Wenye paka mnajua ile ni ishara ya nini. Akaondoka zake.

Nikakiacha kisosi pale pale nikaenda darasani. Kurudi mchana nakuta chakula kimekauka juu, sisimizi wamepanga foleni. Nikamwonea huruma, nikafungua kopo jipya. Akala kama hana akili nzuri! Kesho yake mchezo uleule: cha jana anakifukia, kipya anafagia. Siku ya nne nikafungua friji kutafuta maji nikakuta makopo yaliyoliwa nusu yamejaa rafu nzima. Nilikuwa nimeshafungua 7. Yamebaki 15 kwa siku 38, na kwa mwendo ule yangeisha kabla ya siku 9. Baada ya hapo ingebidi ninunue kwa hela yangu, na mnajua bumu lilikuwa halijaingia.

Ndipo nikamsimulia rumeti wangu, naye akanipa dawa ileile ya kantini. Mfunge njaa. Akisikia njaa atakula.

Na mimi nikaikubali kwa fahari, kwa sababu nilikuwa na usomi wa kuitetea. Watu wa elimu wote tumepita kwa Edward Thorndike. Mwaka 1898, Columbia, New York, aliwafungia paka wenye njaa kwenye visanduku, kipande cha samaki kikawekwa nje, akapima inawachukua muda gani kujifunza kufungua mlango. Kutoka pale ndipo ikaja ile kanuni ya matokeo ambayo huwa haikosi kwenye mtihani: tendo linalofuatiwa na kitu kizuri hurudiwa. Nikajiambia, mbona hili ndilo hasa! Chausiku anakataa chakula, mimi namfungulia kopo jipya. Namfundisha kukataa. Tuzo ni kopo jipya. Nikiondoa tuzo, tabia itakufa. Nilijiona nastahili alama A kwenye saikolojia ya elimu.

Nikaanza. Chakula cha jana kutoka kwenye friji, kwenye kisosi, hamna mjadala. Siku ya kwanza hakugusa. Nikasema ni ukaidi. Siku ya pili hakugusa, alilamba maji kidogo akaenda kulala chini ya meza ya kulia. Nikasema ukaidi unakaribia kuvunjika. Siku ya tatu asubuhi nikaingia jikoni nikagonga kijiko kwenye kopo, ile sauti ambayo siku zote humtoa mbio hata akiwa chumba cha mwisho.

Hakuja.

Hapo ndipo niliposikia baridi tumboni. Nikampigia jamaa yangu tuliyemaliza naye sekondari, yuko SUA Morogoro mwaka wa nne udaktari wa mifugo. Nilitarajia atanicheka. Akauliza swali moja tu: "Ana siku ngapi hajala?" Nikamwambia ya tatu inaanza. Akauliza, "Mnene au mwembamba?" Mnene. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Kaka, paka siyo mbwa."

Alichonieleza nakiandika kwa lugha ya kawaida, na baadaye daktari alinithibitishia. Mbwa anaweza kukaa siku kadhaa bila kula akatikisa mkia. Paka, na hasa paka mnene, akiacha kula mwili unaanza kumwaga mafuta yake kwenye ini ili yageuzwe nguvu, na ini la paka halimudu huo mzigo. Mafuta yanajaa mle ndani, ini linashindwa kazi, na ini likishindwa ndipo hamu ya kula inapotea kabisa. Yaani kadiri anavyokaa na njaa ndivyo anavyozidi KUTOTAKA kula. Siku chache tu zinatosha kuanzisha hilo. Macho na fizi zinageuka manjano, na hapo umeshachelewa sana.

Sasa rudia ile kauli yetu: akisikia njaa atakula. Unaona inavyovunjika? Imejengwa juu ya imani kwamba njaa ikizidi hamu inazidi. Kwa paka inafika mahali mambo yanageuka kinyume.

Jamaa akaniambia nikamwangalie fizi, nimpe chochote anachoweza kula muda huo huo, halafu nimkimbize kwa daktari wa mifugo. Kabla hajakata simu akauliza: "Hicho chakula ulikuwa unampa cha moto au cha baridi?"

Mimi nikacheka. Yeye hakucheka.

Tuelewane hapa, maana ndiyo sehemu niliyoipenda kuliko zote. Mwili wa paka una joto la nyuzi 38 hadi 39. Panya aliyekamatwa sasa hivi analiwa akiwa na joto lake la mwilini. Hicho ndicho chakula ambacho pua ya paka iliumbwa kukitambua. Na paka anaamua kwa pua kabla ya ulimi. Ulimi wake hata utamu wa sukari hauusikii: mwaka 2005 watafiti wa Monell, Philadelphia, walionyesha kwamba jeni moja inayohitajika kuonja utamu imekufa kwa jamii ya paka. Pua ndiyo kila kitu. Chakula kikiwa na nyuzi 4 kutoka kwenye friji harufu haipandi. Mafuta yameganda, nyama imekuwa kama udongo wa mfinyanzi, na kitu pekee kinachonukia ni kile kitunguu changu. Kwa Chausiku kile kisosi hakikuwa na chakula kabisa. Kulikuwa na kitu cha baridi kinachonuka kitunguu.

Na kopo jipya je? Kopo jipya lilikuwa linatoka kabatini. Kabati la jikoni Dar es Salaam mwezi wa Februari, si unajua lina joto gani? Chakula kilikuwa kinatoka mle na uvuguvugu wake, karibu sawa na panya!

Kwa hiyo ule utafiti wangu wa kisomi ulikuwa mbovu kuanzia mwanzo. Nilidhani nalinganisha kopo jipya na kopo la jana, kumbe nalinganisha moto na baridi. Nilibadilisha vitu viwili kwa pamoja nikamlaumu paka. Kama ningewasilisha hiyo kwenye kozi ya mbinu za utafiti ningepewa sapu, na ingekuwa halali yangu. Thorndike wa watu hana kosa.

Basi nikachukua kijiko kimoja cha chakula, nikakitia kwenye kibakuli, nikakielekeza kibakuli kwenye sufuria ya maji ya moto, nikakoroga mpaka kidole kikaniambia ni vuguvugu. Jiko zima likajaa harufu (ambayo kusema ukweli ni mbaya, inafanana na bweni la wavulana siku ya mvua). Nikampelekea chini ya meza. Kichwa kikainuka. Pua ikacheza. Akalamba mara moja, akapumzika, akalamba tena, akamaliza kile kijiko. Sijui kama niliwahi kufurahi hivyo hata siku ya matokeo ya kidato cha sita.

Mchana ule nikampeleka kwa daktari kwenye boksi la karatasi za fotokopi. Akamwangalia fizi na ndani ya masikio, hakuna manjano. Akampima uzito, akaniambia nimewahi, nimlishe kidogo kidogo mara nyingi, kesho akikataa nimrudishe. Hakukataa.

Kuanzia hapo nikajifunza kutunza chakula cha kopo kama mtu anayefanya kazi ya maabara. Na msimamo wangu leo, ambao nitaushika hata mkinicheka kantini mpaka Juni, ni huu: paka wengi tunaowaita wachaguzi hawachagui chakula. Wanakataa uzembe wetu wa kukihifadhi.

Kopo likishafunguliwa siyo chombo tena. Chakula kilichobaki kihamishie kwenye kibakuli cha kioo chenye mfuniko unaobana. Si kwamba bati lina sumu, hapana, ila mle ndani kinakauka na kinaokota kila harufu iliyomo kwenye friji. Mfuniko ndio ulioniokoa na kitunguu. Kibakuli kikae nyuma kabisa kwenye rafu, siyo mlangoni, maana mlango wa friji ukifunguliwa kila saa unapoteza ubaridi. Nilikuwa nabandika kipande cha karatasi chenye tarehe, na kikifika siku 3 natupa bila kubishana na roho yangu.

Umeme ukikatika? Hilo ndilo kubwa kwetu. Friji ikifungwa bila kuguswa inahifadhi ubaridi kama saa 4 hivi. Ukizidi hapo, chakula cha nyama kilichofunguliwa si cha kuaminiwa, na usimtegemee paka akuonjee. Tulikatikiwa usiku mzima mara moja, nikatupa robo tatu ya kopo huku moyo unauma.

Kisosini napo pana sheria zake. Mimi nilikuwa naacha chakula mezani kuanzia asubuhi mpaka nitoke chuo, nikidhani namfanyia ukarimu. Kanuni tunayoijua ya chakula cha watu ni kwamba kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa 2, na joto likizidi nyuzi 32 iwe saa 1. Februari ya Dar hiyo ndiyo hali yetu. Basi nikawa natoa kidogo, vijiko viwili vitatu, asubuhi, mchana nikipita, jioni, na kabla ya kulala. Panya mmoja ni tonge dogo, na paka aliumbwa kula matonge madogo mengi kwa siku kuliko bakuli moja la kushiba. Kikibaki kisosini baada ya saa, kinatupwa. Hakirudi kwenye kibakuli, kwa sababu kina mate, na hakirudiwi kupashwa. Ndiyo maana unapasha kile tu cha kula sasa hivi. Kisosi chenyewe kiwe bapa na kioshwe kila mara, mafuta ya jana yakibaki yanachacha na yeye anayanusa kabla hujamaliza kuinama.

Wenye maikrowevu, msitie kopo mle, ni bati hilo jamani. Na hata mkihamisha, korogeni vizuri, maana inachoma pembeni na kuacha katikati baridi, na paka akiungua ulimi mara moja atakikumbuka chakula hicho. Maji ya moto kwenye sufuria yanatosha.

Makopo yasiyofunguliwa yanataka mahali pakavu na pa ubaridi, chini ya nyuzi 27, jambo ambalo nyumba zetu nyingi haziliwezi wakati wa kiangazi. Fanya unachoweza: yasikae kabati la juu ya jiko, yasikae dirishani, yasigandamane na sakafu yenye unyevu maana yatashika kutu. Kopo lililovimba usilifungue hata kama tarehe bado. Kuvimba maana yake kuna kitu kinaishi mle ndani na kinatoa hewa.

Jirani wa Prof, mama mmoja mkarimu sana, aliponiona nahangaika aliniambia, "Mwanangu, si umnunulie tu samaki wa kopo wa kwetu, wale wa nyanya?" Nilimshukuru, Shikamoo yake nikamwongezea, ila nikasoma kwanza. Rojo la nyanya mara nyingi lina kitunguu, wakati mwingine na kitunguu saumu, na vyote viwili vinaharibu chembe nyekundu za damu za paka. Chumvi nayo ni ya binadamu. Halafu kuna jambo la taurini. Paka hawezi kujitengenezea ya kumtosha, lazima aile. Mwaka 1987 daktari mmoja wa mifugo wa California, Paul Pion, na wenzake walichapisha kwamba paka waliokuwa wanakufa kwa moyo kutanuka walikuwa na upungufu wa taurini, na wengi walikuwa wakila chakula cha kununua ambacho kila mtu alidhani kimekamilika. Baada ya hapo viwanda vikaongeza. Kwa hiyo samaki wa kopo wa watu siyo mlo wa paka wa kila siku, hata kama anampenda. Kijiko cha maji ya jodari aliyehifadhiwa kwenye maji bila chumvi, kumwagia juu ya chakula chake siku akinuna, hicho nilikitumia na kilifanya kazi. Maziwa sikumpa. Picha za vitabu vya darasa la kwanza zilitudanganya, paka wengi wakubwa yanawaharisha.

Tuje kwenye hela, maana najua ndiko mnakonisubiri. Kopo kubwa kwa gramu ni rahisi kuliko dogo, kila mtu anaona hivyo dukani. Lakini hiyo ni kama kinaliwa chote. Mimi kwenye zile siku 4 nilifungua gramu 2,800, Chausiku akala labda 800, zilizobaki zikaenda jalalani. Rahisi iko wapi? Kama huna friji, au una friji na umeme wa kubahatisha, nunua vile vikopo vya gramu 85, unafungua vinaisha. Mwishowe nilinunua 12 kufidia nilichoharibu. Niliacha kula chipsi wiki mbili. Sijutii, ila sitaki kurudia.

Na sasa lile la "watu wanalala njaa wewe unapashia paka". Hili silikejeli. Nalijua. Kuna siku za wiki ya mwisho kabla ya bumu ambapo mimi mwenyewe ni chai na andazi, asubuhi na jioni. Mimi nikiwa na paka wangu leo nitamlea kwa firigisi na samaki wa kuchemsha tangu mtoto, na chakula cha kopo atakionja mara mojamoja ili akijue. Simshauri mwanafunzi yeyote amzoeshe paka mdogo vitu vya madukani vinavyotoka mbali. Lakini Chausiku hakuchagua kulelewa hivyo, na mtu mzima wa miaka yake huwezi kumbadilisha kwa kumnyima. Ukitaka kumbadilisha unachanganya kidogo kidogo, wiki moja, siku 10, ukiongeza kipya na kupunguza cha zamani.

Waislamu wenzangu mnaijua ile hadithi iliyomo kwa Bukhari na kwa Muslim, ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka. Nimeisikia tangu madrasa, na siku zote nilikuwa nasikia sehemu ya kutomlisha tu. Mwaka huu ndiyo nimesikia sehemu nyingine: alimfungia. Hakumlisha, wala hakumwachia akajitafutie wadudu wa ardhini. Angemwacha mlango wazi, paka angejua la kufanya.

Angalieni paka wa kantini yetu. Mnasema hawaringi, wanakula kila kitu. Siyo kweli. Nimewakalia mkao wa kuwatazama wiki nzima hii. Wanachukua mfupa wa samaki, ugali wanauacha. Wanachukua ngozi ya kuku, maharage wanayaruka. Akikosa kwako anaenda meza ya pili, akikosa huko anaenda jalalani, akikosa kabisa kuna mijusi. Anachagua kutwa nzima, ila hakuna anayemwona kwa sababu ana pa kwenda. Chausiku ana kisosi kimoja, kwenye nyumba iliyofungwa, na funguo ninazo mimi. Akikataa kile kisosi ndiyo tunasema anaringa.

Prof alirudi mwishoni mwa Machi. Akafungua mlango, Chausiku akamjia mbio, mnene kama alivyomwacha. "Alikusumbua?" akaniuliza. Nikamsimulia yote, mpaka siku zile tatu, sikuficha. Alinyamaza muda mrefu kidogo, akamshika yule paka fizi akaziangalia mwenyewe, ingawa ilikuwa imepita mwezi. Kisha akasema angepaswa kuniandikia maelekezo badala ya kusema "maneno kidogo", akatoa daftari akaniambia niandike mimi, kila nilichojifunza, libandikwe mlangoni mwa friji.

Agosti anasafiri tena, na ameshaniambia. Nimemwomba vikopo vidogo na vibakuli viwili zaidi vyenye mifuniko.

Haya, nakimbia, kesho nina somo la majaribio mbele ya darasa na andalio lenyewe bado nusu. Na yule mwenye paka anayekula ugali mtupu, aje nimwone kwa macho yangu.